Jiwe Lililosikika Busanza

Gahongayire hakupiga hodi. Aliingia kibandani kwa Shami, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, akasimama katikati ya nguo zilizotundikwa, na kabla hajafungua mdomo Shami alijua kuwa mume wa mwanamke huyo amechukuliwa na askari. Ilikuwa Novemba 1990. Vita vilikuwa kaskazini, lakini hapa Kigali watu walikamatwa kila siku kwa kuitwa wasaidizi wa adui, na hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

"Bamechukua na ile daftari ya jiwe," akasema Gahongayire. "Na weye uko ndani, Shami. Iko S. kila ukurasa."

Shami aliacha kukanyaga cherehani.

Lile daftari! Karangwa, mume wa Gahongayire, alikuwa mwalimu wa historia, mpole hata kuku walimzoea, ila jiwe lilikuwa limemtia wazimu. Lilikaa juu ya mlima unaotazamana na kilima cha Busanza, jeusi, kubwa kama kitanda, na ukiligonga kwa kokoto penye vishimo vyake lilitoa mlio wa kengele. Karangwa alishikilia kuwa vishimo hivyo vilichimbwa kwa kugongwa-gongwa na watu walioishi kabla ya wafalme, kabla hata ya chuma, wakiitana ng'ambo ya bonde. Maandishi hawakuacha, alisema, lakini sauti yao wameiacha pale, kazi yetu ni kuisikiliza. Basi miaka sita, Jumapili kwa Jumapili, yeye alipiga, na Shami, aliyesifika mtaani kwa masikio makali, alisimama Busanza na mita mbili za kitambaa cheupe cha kanzu. Akisikia, anakiinua. Karangwa anaandika: S., Busanza, pigo la kumi na nne, inasikika.

Sasa hebu yasome hayo ukiwa mwanajeshi wakati wa vita.

Shami angeweza kukimbilia kwa shemeji yake kule Kabuga. Aliiwaza safari hiyo mpaka akaona kiti atakachokalia ndani ya basi. Kisha akamtazama Gahongayire, aliyekuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, akaona haya. Akachukua kofia, akakunja kile kitambaa, akaenda mwenyewe kwenye kambi ya jeshi.

Kapiteni aliyekuwa na daftari alikuwa amerudi kutoka vitani Mutara, na ukimsemesha aligeuza kichwa kama anayetafuta sauti imetokea wapi.

"Weye ndiyo S.?"

"Ndiye mimi, Kapiteni. Lakini ile iko mambo ya historia tu. Ya watu ba zamani."

"Tutaona. Mwalimu atapiga, mimi na weye tutasimama Busanza. Masikio yangu bombe zimeharibu, utasikia kwa niaba yangu."

Ndani ya gari la jeshi Shami alitokwa jasho mpaka shati likamganda mgongoni. Akisema anasikia, basi jiwe ni chombo cha kupelekeana habari, na wote wawili wamekwisha. Akisema hasikii, ataulizwa kwa nini daftari linasema lingine. Alilipindua jambo hilo kila upande asione pa kulishikia.

Busanza palikuwa kimya. Ng'ombe wachache walikuwa wakila majani, na dereva alikuwa amebaki mbali barabarani. Mlima wa ng'ambo ulionekana vizuri, na juu yake kidoa cheusi, kisha vidoa vya watu.

Pigo la kwanza likaja. Safi, jembamba, likavuka bonde lote na kumfikia.

"Unasikia?"

"Oya, hapana, Kapiteni. Bado."

La pili. La tatu. Shami akawa anayahesabu moyoni bila kutaka. Karangwa alikuwa anangoja kitambaa, hakioni, anazidisha nguvu. Kwenye la tisa ng'ombe mmoja aliinua kichwa na kutazama ng'ambo. Kapiteni akamtazama ng'ombe, kisha Shami.

"Nzi hao, Kapiteni," akasema Shami.

"Kama haisikike, mbona ameandika inasikika?"

Ndipo jibu likamjia, na lilikuwa la aibu.

"Ile siku ya kwanza ilikuwa Ramadani, Kapiteni. Njaa, jua. Nisipoinua kitambaa yeye haache kupiga. Nikainua tu, tupate kurudi nyumbani."

"Na Jumapili zingine? Miaka sita?"

"Uvivu, Kapiteni."

Kapiteni alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akapangusa machozi. Ng'ambo mapigo yaliendelea. Shami alikuwa amekibana kitambaa kwapani, mkono unamuuma kwa kutokiinua.

Karangwa aliletwa mdomo umevimba. Kapiteni alimtupia daftari na kumweleza yote mbele ya askari, nao wakacheka.

"Shami," akasema Karangwa. "Hakuna hata moja?"

Kapiteni alikuwa bado amesimama pale.

"Hata moja, mwalimu."

Waliachwa njiani warudi mjini kwa miguu. Gari lilipopotea Shami alimshika Karangwa mkono kwa nguvu. "Nilisikia! Leo na siku zote. Umepiga mara kumi na saba. Sema si kumi na saba!"

"Sikuhesabu," akasema Karangwa. "Nilikuwa natetemeka."

"Wallahi nilisikia."

Karangwa akatabasamu kwa kile kipande cha mdomo kilichobaki kizima. "Weye mtu mwema, Shami. Umeniokoa, usijisumbue na kunibembeleza."

Shami akaapa tena, akaapa kwa kaburi la mama yake, na kadiri alivyoapa ndivyo Karangwa alivyozidi kumwonea huruma. Mwishowe mwalimu alikaa ukingoni mwa barabara, akafungua daftari magotini, akalitazama neno lile, inasikika, lililojirudia ukurasa mzima.

"Nipatie chaki yako," akasema.

Chaki ya fundi haikosi mfukoni. Shami aliishika kwanza, akijua inakwenda kulikata neno lile kwa mstari, kisha akampa.