Kikohozi cha Sampuli Namba Nne

Vichupa vinne vilifika maabara Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, vikiwa vimepangwa kwenye kikasha kilichotandikwa pamba. Ndani ya kila kichupa kilielea kipande cha pafu kisichozidi ukubwa wa punje ya maharage. Fomu iliyoambatana navyo ilimtaja mteja, kiwanda cha kukata mawe ya sakafu, na haja yake: kujua kama wafanyakazi wanne waliofariki waliuawa na vumbi au walikufa kwa sababu zao wenyewe. Majina hayakuandikwa. Palikuwa na namba tu, moja hadi nne.

Aliyevipokea ni mwanamke mwembamba ambaye wenzake walimwita Dada Gundi, kwa kuwa kazi yake kwa miaka kumi na miwili ilikuwa kuhakikisha kitu hakitikisiki. Darubini ya eksirei huizungusha sampuli polepole kwa saa sita na kuipiga picha zaidi ya elfu mbili, kisha kompyuta huziunganisha mpaka mtu aweze kutembea ndani ya kipande kile kama anavyotembea nyumbani kwake. Sampuli ikisogea hata robo ya unene wa unywele, picha zote huwa ukungu mtupu. Kwa hiyo alivisuuza vile vipande, akavipitisha kwenye spiriti, dhaifu kwanza kisha kali, akaviloweka kwenye iodini ili nyama laini ionekane. Kila kimoja akakiingiza kwenye kibomba chembamba cha plastiki, akakibana kwa sponji, akakigandisha kibomba juu ya pini kwa gundi.

Kaka yake alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda hicho miaka tisa, na alikuwa amezikwa miezi mitatu kabla. Sheria ya maabara ilikataza mtu kutayarisha sampuli ya ndugu yake. Lakini namba haina ukoo, na yeye hakuuliza.

Namba moja, mbili na tatu zilitoka safi. Namba nne ilitoka ukungu.

"Dada Gundi, hii yako imechezacheza," alisema mwendesha mashine, bwana mnene aliyependa utani kwa kila jambo isipokuwa mashine yake.

Dada Gundi akaitoa sponji, akaizungushia nta, akairudisha. Ukungu tena. Mara ya tatu mwendesha mashine alikaa mbele ya skrini ya kamera nusu saa nzima, kisha akatoka na kikombe chake cha chai mkononi.

"Inakohoa."

"Sana?"

"Kikavu. Mara mbili fupi, mara moja ndefu. Inapumzika dakika nne hivi, inaanza upya."

Mkuu wa maabara aliarifiwa. Alikuwa akijiandaa kwenda kikaoni. Alisema kitu kinachokohoa ni kitu ambacho hakikubanwa vizuri.

Dada Gundi aliingia chumba cha mashine, akategesha sikio. Mara mbili fupi, moja ndefu, kisha koo likasafishwa taratibu, kama mtu anayetaka kupiga hodi na anaona haya. Kwa miaka minne ya mwisho, watu wote wa nyumbani walimjua kaka yake kwa sauti hiyo kabla hajafika mlangoni. Alikaa kwenye stuli mpaka ikarudia mara tatu. Halafu akampigia simu wifi yake.

Wifi alifika mchana, bado amevaa aproni ya kazini. Yeye na watoto watatu waliishi kwenye nyumba za kiwanda, vyumba viwili na bafu la kuchangia. Utaratibu ulijulikana: mfanyakazi akiuawa na kazi, familia inabaki; akifa kwa sababu zake, familia inahama. Na kiwanda kilikwisha kumwambia kuwa mumewe alikuwa mvutaji sigara.

"Hajawahi kuishika," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Mgeni akiwasha, yeye ndiye aliyekuwa anatoka nje."

Akavuta kiti karibu na mashine.

"Baba watoto, ni mimi. Mdogo ameota meno ya mbele. Sasa nisikilize, hawa wanataka kukupiga picha. Tulia saa sita tu. Watu wanasema ulikuwa unavuta."

Kibomba kilikohoa mfululizo dakika nzima, mpaka pini ikapinda.

"Amekasirika," wifi alieleza.

"Hata mimi ningekasirika," alisema mwendesha mashine, akaenda kuleta pini nyingine.

Dada Gundi aliigandisha upya. Kabla hajafunga mlango wa mashine aliinama.

"Kaka, umevumilia miaka tisa mle ndani. Saa sita ni nini?"

Kikasikika kitu kama pumzi inayovutwa, kisha kimya. Mwendesha mashine aliiacha chai yake ikapoa. Wifi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Jioni, mashine ilipolia kuashiria imemaliza, kibomba kiliachia kikohozi kirefu kilichokuwa kimejilimbikiza muda wote huo.

Hapakuwahi kupatikana picha safi kuliko ile. Walitembea ndani yake kwenye skrini, wote watatu. Njia za hewa zilikuwa zimezibwa na chembe za jiwe, maelfu kwa maelfu, zenye ncha kama vioo vilivyovunjika, na kila chembe ilizungukwa na kovu. Masizi ya moshi hayakuwepo popote.

"Hapa hakuna sigara," alisema mwendesha mashine. "Hii ni sakafu ya sebule ya mtu."

Wifi alilia kidogo, kwa nafuu.

Dada Gundi aliandika ripoti usiku uleule. Kwenye swali la kumi na moja, *Je, sampuli ilitulia?*, aliandika ukweli: *Ilikohoa katika majaribio matatu ya mwanzo. Ilitulia jaribio la nne, baada ya kuombwa.* Mkuu alisaini. Ripoti ikaenda kwa mteja.

Barua ya kiwanda ilimfikia wifi baada ya siku tisa.

*Tumepokea kwa furaha taarifa kwamba pafu la mfanyakazi wetu linakohoa. Pafu linaloweza kukohoa miezi mitatu baada ya mwenyewe kuzikwa ni pafu lenye nguvu, haliwezi kuwa limeharibiwa na vumbi. Kuhusu chembe za mawe zilizoonekana, hizo ni mali ya kiwanda, alizotoka nazo bila kibali. Kwa kuwa mfanyakazi ni mzima na mkataba wake haujaisha, aripoti kazini Jumatatu saa moja asubuhi. Asiporipoti, nyumba irudishwe.*

Dada Gundi aliipeleka kwa mkuu wa maabara.

"Picha inaonyesha kila kitu," alisema.

"Inaonyesha. Ila picha ni ya mteja, na mteja ameisoma."

"Ameisoma kichwa chini, miguu juu."

"Sisi hatumfundishi mteja kusoma." Kisha akamuuliza, kwa upole, kama angependa suala la undugu wake na namba nne lifunguliwe faili.

Hakupenda.

"Ungeandika tu kwamba imetulia, wifi," wifi alimwambia siku hiyo.

"Tulifundishwa kuandika kilichotokea."

"Najua."

Hawakuliongea tena. Afadhali wangegombana.

Jumatatu, Dada Gundi alikibandua kibomba kutoka kwenye pini, wifi akakifunga kwenye kitambaa safi, wakaenda pamoja mpaka getini. Msimamizi wa zamu alitafuta jina kwenye daftari la mahudhurio, akaliona, akaweka tiki. Alikipokea kibomba kwa mikono miwili, kwa heshima, akaenda kukisimamisha kwenye kirafu kando ya msumeno wa sita, karibu na kopo la grisi. Msumeno ukawashwa. Vumbi jeupe likapanda mpaka taa zikafifia. Kibomba kikakohoa, mara mbili fupi, moja ndefu, na wanaume wawili waliokuwa jirani wakakohoa pia, bila kugeuka.

"Hamtampa barakoa?" wifi aliuliza kutoka getini.

"Barakoa ni za wenye pua, mama," msimamizi alijibu.

Dada Gundi akawatazama wenye pua. Walikuwa kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyevaa.