Shule ya Kurudi Jioni

Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua, na juu ya mfereji ubao mnene uliokuwa umebeba reli siku za zamani. Ubao ule ulimjua kila mtu. Lise, mke wa mwanangu, aliuvuka upesi, nao ukaguna tu. Mwanangu Isaïe aliukanyaga kwa uzito, ukalia kwa kina. Mjukuu wangu Nahum aliurukia kwa miguu miwili, ukapiga kelele kama bata aliyeshikwa. Mimi nilikuwa nakaa jikoni, mgongo kwa mlango, na nilijua nani amefika.

Mwaka ule vita vilipoanza tena, sauti ya Isaïe ilikosekana. Alikuwa karani wa reli. Kazi ilimpeleka Kabalo, kisha njia ikafungwa nyuma yake. Siku ya kuondoka alitoa kichwa dirishani mwa behewa akaniambia, "Mama, kwa mambo ya masomo ya Nahum, weye njo utachagua." Lise alikuwa amesimama karibu nami. Alisikia, akaitika kwa kichwa.

Basi nilikuwa na kazi ya kuchagua, mimi niliyesoma kiasi cha kufuata nyimbo kanisani.

Shule nzuri za wavulana zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya mapadre, upande wa Kaniama, ya kulala. Ya pili ilikuwa hapa hapa Kamina, katika ghala la zamani la mahindi. Haikuwa ya Leta, yaani ya serikali, wala ya misheni. Mwalimu mmoja, Metre Constant, aliianzisha mwenyewe, akaiendesha kwa ukali na chaki. Wengi walijaribu mtihani wake, wachache waliingia. Watu waliiita shule ya kurudi jioni.

Lise alitaka Kaniama. Kaka yake Zacharie alikuwa na lori lililokuwa likienda huko kuchukua mahindi, na mapadre walikuwa wamekubali kumpokea mtoto. Aliniambia kwa upole kwamba kule Nahum atakula bukari, ugali wetu, atalala, atasoma, na hataona bunduki. Kwa sababu njia ya kwenda kwa Metre Constant ilipita kwenye bariera ya askari. Walikuwa wamejaa Base, kambi kubwa ya jeshi, wametoka pande zote za nchi, wakingoja treni ya kuwapeleka kaskazini kwenye mapigano.

Sikusema amekosea. Lise alikuwa mtu ambaye, tukipata samaki, alinipa kipande cha katikati, akabaki na kichwa akidai ndicho anachokipenda. Kila Jumamosi alifua shati la Isaïe ambalo hakuna aliyelivaa. Mtu wa namna hiyo akiogopa, unamsikiliza. Lakini niliomba kwanza mtoto ajaribu mtihani, tuone.

Asubuhi ya mtihani tulifika kwenye bariera, mimi na Nahum. Ilikuwa kamba tu, imefungwa vipande vya plastiki. Kando yake Dorothée, mama wa Kikatoliki tuliyemjua sokoni, alikuwa akikaanga mikate ya mafuta. Askari mmoja mrefu, kijana bado, alifungua mfuko wa Nahum. Kalamu ikaanguka, ikabiringika chini ya kamba hadi kwenye tope. Askari akainama, akaiokota, akaipangusa kwa suruali yake, akamrudishia.

Niliona wema ule. Nahum naye aliuona. Akapokea kwa mikono miwili, akakunja magoti kidogo jinsi nilivyomfundisha, akasema kwa Kiluba chetu, "Wafwako."

Uso wa askari ukabadilika. Akamshika mtoto mkono.

"Umesema nini? Wafwa? Mimi ninakufa?"

Wenzake wakageuka. Neno la kifo si jepesi masikioni mwa watu wanaongoja treni ya kwenda vitani. Nilitaka kusema mengi, Kiswahili kikasongamana kinywani mwangu. Nikapata hili tu: "Baba, ile njo asante yetu."

"Asante gani iko na kifo ndani?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nilikuwa nimelisema neno lile maisha yangu yote, kama mtu anayekunywa kwa kikombe kimoja kila siku bila kutazama kimechorwa nini chini. Nahum hakulia. Alinitazama tu, kalamu ameishika katika mkono uliobaki huru.

Ndipo Dorothée akaongea, bila kuinua macho kwenye mafuta.

"Weye, tangu ulifika hapa, kila asubuhi unanunua mikate yangu, na minyi nakuambia wafwako. Ulishakufa mara ngapi?"

Askari wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akamwita marehemu, akamuuliza kama huko ahera mikate ni mitamu. Yule mrefu hakucheka mara moja. Aliniangalia. "Basi, Mama, inasema nini kweli?"

Nikamwambia alivyonieleza mama yangu zamani, tukipepeta mahindi. "Inasema: ulijichokesha kwa ajili yangu mpaka karibu kufa, na minyi niliona."

Akafikiri. Kisha akauachia mkono wa mtoto, kidole kimoja kimoja, akainua kamba juu ili nisiiname.

Tulipofika ghalani mlango ulikuwa umefungwa. Kanuni ya Metre Constant ilijulikana: anayechelewa arudi mwaka ujao. Alitokea dirishani, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamuuliza Nahum sababu ya kuchelewa. Nilitaka kujibu, akaninyamazisha kwa mkono. Alitaka kumsikia mtoto.

"Metre, nilisema asante pale kwa bariera."

"Kwa luga gani?"

"Kwa Kiluba."

Metre Constant alikuwa Muluba kama sisi. Alitazama upande tuliotoka. Alikuja kufungua mlango mwenyewe, na Nahum alipokwisha kuingia, akatoka tena na kiti chake mwenyewe akakiweka kivulini, nikae. Nadhani mtihani wote aliusimamia bila kiti.

Nahum alifaulu. Jina lake liliposomwa nilitaka kuimba, lakini nyumbani Lise alikuwa amekwisha kufunga blanketi na sahani ya bati kwa safari ya Kaniama. Lori lilikuwa liondoke kesho yake. Nilikuwa nimemsimulia yote, kwa sababu sikuweza kumficha jambo la mwanawe.

"Mama, walimushika mukono," alisema. "Na weye utamutuma pale kila siku?"

Nikarudi ghalani kutafuta jibu. Metre Constant alikuwa akifagia. Nilimuuliza kama anaweza kuniahidi kwamba njia ni salama. Alisema hawezi, na aliyeweza kuahidi njia yoyote mwaka ule alikuwa mwongo. Kisha akaegemea ufagio.

"Mama, shule ya kulala inachukua mutoto muzima. Minyi nachukua nusu tu. Nusu ingine irudi kwako jioni, umufundishe ile yenye minyi sijue."

Nilitembea polepole kurudi. Niliwaza kama kuna kitu nilichokuwa nacho ambacho mapadre hawakuwa nacho. Kilikuwa kidogo: kupokea kwa mikono miwili, kukunja magoti, neno moja la shukrani. Karibu neno hilo limpoteze mtoto. Lakini pia ndilo lililoinua kamba.

Nilimwambia Lise kwamba Nahum atabaki, na kwamba nitampeleka mimi mwenyewe hadi bariera, kila asubuhi, na kumngoja palepale jioni. Alikwenda kwenye furushi, akalifungua, akatandika lile blanketi kwenye mkeka wa mtoto. Akalinyoosha pembe zote. Zacharie akaondoka bila abiria.

Basi tukawa watu wa bariera. Yule askari akituona kwa mbali alikuwa anainua kamba kabla hatujafika. Siku moja alijaribu neno letu, akasema "wafako." Nahum, mwanafunzi wa Metre Constant sasa, alimsahihisha kwa ukali wa mwalimu wake: wa-fwa-ko. Askari akarudia mpaka likakaa sawa. Dorothée alisema bei ya masomo ni mikate miwili, akatoa yeye mwenyewe.

Mvua zilipoanza, tulikuta kamba iko chini. Malori yalikuwa yakipita kuelekea stesheni, yamejaa askari waliosimama. Yule askari wetu alikuwa pembeni mwa lori moja, anashikilia chuma. Akatuona, akainama chini kabisa ili sauti yake itufikie.

"Wafwako, Mama."

Alilisema vizuri. Kwetu neno lile lina jibu lake, na nimelijua tangu utotoni, lakini asubuhi ile sikuweza kulikubali neno lenye kifo ndani likitoka kwake. Nilimwambia kwa Kiswahili tu, "Urudi, mwanangu." Sijui kama alisikia. Lori lilikuwa limekwisha kupita.

Isaïe alirudi baadaye, amekonda, na ubao haukumtambua siku za kwanza. Nahum ni mtu mzima sasa, ana watoto wake Likasi. Huniuliza nilijuaje kuchagua vile. Namwambia sikujua.

Ninachokikumbuka ni jioni ya siku ile ya malori. Mvua ilinizuia kwenda kumpokea. Nilikaa jikoni, mgongo kwa mlango, nikasikia treni ikipiga honi na kuondoka kaskazini. Sufuria ikachemka, nikaiacha. Kisha ubao ukapiga kelele kama bata.

"Wafwako," nilisema polepole, kabla sijageuka, na sikujua namwambia nani kati yao, wa mlangoni au wa kwenye treni.