Beseni la Mama Yake Guo

Basi la kampuni liliwashusha wanaume mbele ya kambi ya wafanyakazi, Industrial Area, Doha, jua likielekea kuzama, na kila mmoja akakimbilia foleni ya maji kabla hayajakatwa. Kiangazi hicho maji ya tangi la paani yalitoka moto wa kupikia chai. Watu waliyakinga kwenye ndoo wakangoja yapoe, kila mtu na simu yake, hakuna wa kumjulia hali mwenzake.

Nahashon, mlinzi wa duka moja la Abu Hamour, alisimama nyuma ya Mzee Guo, Mchina aliyelala naye chumba kimoja. Guo aliwahi kujenga barabara Kenya na Kiswahili chake kilitoka huko. Ndipo mama yake Guo akaingia getini, beseni la bati lenye maua mekundu mkononi, taulo begani. Alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Mlinzi wa zamu pale getini alimkumbusha kwamba wageni mwisho ni saa mbili, akampisha.

Kijijini kwao Guo, kifungua mimba ndiye humwosha mama yake aliyekufa, kwa maji aliyoyachota mwenyewe. Guo, kifungua mimba wake, aliomba ruhusa ya kwenda. Pasipoti yake ilikuwa kabatini ofisini, na afisa mwenye ufunguo alimwambia asubiri mradi uishe. Mama amechoka kungoja, amejileta.

Guo alimwosha vumbi usoni na mikononi huku akilia waziwazi. Kesho yake jioni mama alirudi na vumbi lile lile, na keshokutwa pia, maana maji ya Doha hayakuwa ya kisima chao. Akishaoshwa aliketi kizingitini, akitazama huku na huku. Alizoea majirani wakitoka na mabeseni jioni, wakiosha miguu na kusengenyana.

Siku moja alimnyooshea Nahashon kidole.

"Yeye nauliza wewe mtoto ya nani," Guo alitafsiri.

"Wa Kerubo, wa Kisii."

"Nauliza mama iko mzima?"

"Anaugua. Nimeomba ruhusa, wanasema ningoje."

Bibi akalisogeza beseni. Kwao familia huosha miguu kwa maji yale yale, mkubwa akianza. Nahashon akatumbukiza miguu yake baada ya Guo, na bibi akamsugua visigino. Tangu aje Qatar hakuna aliyekuwa amemgusa. Akainamisha kichwa.

Asubuhi alirudi ofisini kuomba tena. Afisa akamwambia angoje hadi Oktoba.

Ijumaa jioni mlinzi wa zamu alimwita: ana mgeni. Mama yake alisimama getini na leso kiunoni na dodoki mkononi, miguu imejaa udongo mwekundu wa Kisii. Simu ya dada yake kutoka nyumbani ikaanza kuita mfukoni. Nahashon aliiacha iite.

"Maji bado ni ya moto, Mama," alisema. "Keti kwanza."

Mama yake Guo akasogea kizingitini, akampa nafasi. Afisa alipita akienda kwenye gari lake, akawaamkia kina mama wote wawili kwa heshima, kisha akaondoka na ufunguo wa kabati.