Recyclage ya Maseremala

Kambere alimwita Donat papa, na halikuwa lile papa la adabu ambalo hata muuza makaa huitwa ukitaka akuongezee kidogo. Alimaanisha baba.

Donat alikuwa mwalimu wa useremala katika programu ya serikali, ile ya kuwarudisha uraiani waliokuwa wapiganaji. Siku Kambere alipotoka msituni na kukabidhi bunduki, alibaki amesimama hajui mikono aiweke wapi. Donat ndiye aliyempa randa. "Shika hii," alimwambia. "Hii haitaua mutu." Akamfundisha kuunga mbao, kupiga vanishi, na kubishana na mteja bila kukunja ngumi. Sasa Kambere alikuwa na karakana yake katika mtaa wa Mabanga, na wale akina mama waliokuwa wakivuka barabara kumkwepa walimletea viti vyao vilivyovunjika.

Kwa hiyo Donat alipopita karakanani kusema kuna recyclage kule Kyeshero, Kambere hakuuliza mara mbili.

"Maseremala bote ba promotion yenu, bale mulijifunza nabo," Donat alisema. "Unikusanyie batu. Weye njo banakuamini."

Nyumbani, Perpétue mkewe alicheka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na recyclage aliijua vizuri: kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa, walimu hukalishwa kwenye benchi, wakakumbushwa kazi wanayoijua tayari, wakapewa Fanta, wakarudi wamechoka kwa kukaa. "Vaa shati ya muzuri," alimwambia mumewe, "na usisinzie mbele ya batu."

Wenzake walikubali kirahisi. Aliyemsumbua ni Buhendwa wa mtaa wa Mapendo, rafiki yake tangu msituni, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua.

"Recyclage ya nini?" Buhendwa aliuliza.

"Ya mbao."

"Ku pori pia tulikuwa nayo, recyclage. Umesahau?"

Kambere hakuwa amesahau. Kule, neno hilo lilikuwa la kurudishwa kambini, ukimbizwe na kufyatulishwa risasi hadi mwili ukumbuke vita. Lakini alikasirika, maana rafiki yake alikuwa kama anamtukania baba.

"Papa Donat anaweza kutudanganya, yeye? Naapa na jina ya mutoto wangu Aurélie, ni mbao tu."

Jina la mtoto halichezewi. Buhendwa akafunga msumeno wake kwenye gunia.

Wakaingia kwenye kituo cha Kyeshero asubuhi, mashati yamepigwa pasi, vifaa begani, wakitaniana nani atakunywa Fanta ya mwenzake. Geti likafungwa nyuma yao. Uwanjani hapakuwa na benchi wala ubao hata mmoja. Palikuwa na lori, na lundo la sare za kijeshi juu ya turubai. Ofisa mmoja akawaambia waweke misumeno ukutani, na kando yake, mikono mfukoni, alisimama Donat.

Kicheko kikakatika. Kambere akamwendea.

"Papa, mbao iko wapi?"

"Vita imekaribia, mwanangu," Donat alisema kwa upole, upole uleule wa kumwonyesha mtu jinsi ya kunoa patasi. "Bakubwa ba jeshi baliomba batu benye banajua kazi."

"Ulisema recyclage."

"Sikudanganya. Ni recyclage."

Kambere angekamatwa na adui njiani asingeumia hivi, kwa sababu adui hakuwahi kumwambia kwamba vita vyake vimekwisha. Huyu alimwambia. Huyu alimtoa msituni taratibu, mwaka mzima, akamwonjesha maisha ya mtu, na sasa alikuwa anamrudisha kwa neno la walimu. Alitaka kumpiga, na aliona aibu kwamba alitaka pia kulia mbele yake.

"Nilikutolea bunduki yangu, papa. Ulisema imeisha."

Donat akatazama pembeni. "Mutu mwingine angewaita, hawangekuja," alisema.

Ofisa akakaribia. "Nani alileta hawa?"

Donat akamwelekeza Kambere kwa kidevu.

"Basi huyu atakuwa chef yao, abaongoze."

Wanaume walikuwa wanamtazama Kambere, na macho yao hayakuwa yakimtafuta Donat hata kidogo. Alitaka kuwaambia kwamba na yeye hakujua. Lakini nani angemsadiki?

Buhendwa akawa wa kwanza kwenda kwenye lundo. Alivua shati lake, akalikunja vizuri, akavaa sare iliyompwaya mabegani. Kisha akaja moja kwa moja hadi mbele ya Kambere, akabana visigino, akapeleka mkono kwenye paji la uso kama askari anayengoja amri.

"À vos ordres, chef."

Na mkono wa Kambere, kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote, ukainuka kumjibu.