Ufunguo Umekwenda Kazini

Binti yangu akiondoka asubuhi huvuta mlango wa nondo, hubana kufuli kwa nje, kisha hunipungia mkono kama mtu anayemuaga mgonjwa. Anashona kola za mashati kiwandani. Ufunguo ni mmoja tu, na anaondoka nao kwenye mkoba. Si kwa ubaya. Mlezi aliyekuwepo kabla yangu aliacha mlango wazi, mume wangu akashuka ngazi zote za ghorofa, akakutwa barabarani anazungumza na mbwa. Huyo mume wangu ni mjukuu wangu, yuko darasa la pili. Dada yake yuko darasa la sita, ndiye mke mwenzangu, na kwa kugombana hatujambo.

"Mama, njoo unishikie watoto mpaka nipate mtu," binti yangu aliniambia. Nikaja na mfuko mmoja. Mtu hakupatikana. Nyumbani nimeacha kuku, nimeacha jirani wa kupiga naye soga, nimeacha mlango wangu wa mbao unaolia kama mbuzi, ninaoufungua mwenyewe saa niitakayo. Hapa nina dirisha la jikoni. Naona ukuta wa ghorofa ya jirani, kipande cha mtaa, na mwanamke auzaye mboga ambaye sijawahi kuisikia sauti yake. Najua vitenge vyake vyote.

Nilipomsumbua sana binti yangu, alinipa ahadi.

"Siku hawa watakapoweza kujipikia chakula kimoja cha kushiba bila kujiunguza, mama, nakupeleka stendi mimi mwenyewe."

"Chakula chochote?"

"Chochote."

"Hata viazi?"

"Hata viazi, mama, jamani!"

Nikachagua viazi vya oveni. Havina mafuta ya kuruka wala sufuria ya maji moto ya kummwagikia mtoto. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto tunashinda nao humo ndani, nikasema kazi ianze.

Oveni ya binti yangu ni ya umeme, na imezeeka kama mimi. Namba za kwenye swichi ya kuzungusha zimefutika, tumeweka tone la rangi ya kucha pale panapofaa. Mlango wake haushiki, hutegemezwa kwa kigoda. Niliwaonyesha yote hayo. Niliwaonyesha kuchagua viazi vinavyolingana, ili kimoja kisiive na kingine kikabaki kigumu. Kuvisugua kwa brashi mpaka macho yake yatoe udongo. Kuvifuta vikauke kabisa, maana kiazi chenye maji ganda lake huwa kama soksi iliyolowa. Halafu uma: unakitoboa kila upande, mvuke upate pa kutokea. Mafuta kidogo kiganjani, chumvi, unavipanga juu ya wavu vikiachana.

"Kama watu wasiosalimiana," alisema mke mwenzangu.

"Ehe, kama mimi na wewe."

Walielewa haraka, nikafurahi. Lakini mara ya kwanza viazi vilitoka vibichi katikati. Nikasema oveni imetuchezea. Mara ya pili vilikuwa na chumvi ya kumfanya mtu alie. Nikasema watoto ni watoto. Usiku nikapanga kanga zangu mfukoni, nikazipangua, nikazipanga tena.

Mara ya tatu nilikuwa dirishani namtazama yule muuza mboga akifunga biashara yake. Nikasikia mlipuko ndani ya oveni. Paa! Kisha mwingine. Vipande vya kiazi vilikuwa vimeangukia chuma chekundu, na moshi ukaanza kutoka pembeni mwa mlango, mweusi, wenye harufu ya ganda lililoungua. Mke mwenzangu akashika kigoda.

"Usifungue!" nikamwambia. "Kaa mbali!"

Nikazima swichi ya ukutani, nikasukuma dirisha likafunguka lote. Mume wangu alikuwa ameshakimbilia mlangoni, anatikisa nondo kwa mikono miwili, anakohoa. Fundi viatu wa mlango wa mbele yetu akatoka na kiatu mkononi.

"Nyie humo! Mnaungua?"

"Hatuungui," nikajibu, "tunajifunza kupika."

"Hayo mapishi gani, mama yangu? Fungua basi, watoto watoke wapate hewa!"

"Ufunguo umekwenda kazini."

Akasimama pale. Akaliangalia kufuli, akaniangalia mimi, akaligonga kwa kisigino cha kile kiatu. Halikumsikiliza. Akatuletea ndoo ya maji, lakini ndoo haipiti kwenye nondo, ikabidi atupitishie kikombe kimoja kimoja, nami nilowanishe vitambaa watoto wazibe pua. Kwa muda wote ule nilikuwa nalihesabu lile kufuli kuwa kifungo changu peke yangu. Siku ile nilimwona mtoto amebandika uso kwenye nondo akitafuta hewa ya ngazini.

Moshi ulipoisha nikafungua oveni. Viazi vilivyobaki vizima nilivigeuza kimoja kimoja. Hakuna hata tundu.

"Mke mwenza, uma ulikuwa wapi?"

Akaangalia sakafu. Mdogo wake akasema, "Alisema tusitoboe. Na siku ya kwanza mimi ndiye niliyeizima oveni ulipoenda chooni."

"Kwa nini, mume wangu?"

"Tukijua kupika, utaondoka."

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Nikamfuta masizi puani.

"Kwa hiyo mnanipenda kwa kunifungia?"

"Ndiyo," akasema, bila haya.

"Nikienda nitarudi kuwaona, na nyie mtakuja kwangu mkimbize kuku. Lakini bibi wa kufungiwa hununa. Nimeshaanza kununa, hamjaona?"

"Tumeona," alisema mke mwenzangu. "Hata kunitukana siku hizi hunitukani vizuri."

Jumapili binti yangu alikaa mezani kama mkaguzi. Mimi nikakaa mikono pajani. Mke mwenzangu alisugua, akafuta, akachukua uma. Akanitazama. Kisha akavitoboa vile viazi kimoja baada ya kingine, kwa nguvu, machozi yanadondoka juu yavyo, mdogo wake akimfuatia na chumvi. Vilipotoka, ganda lilikuwa linalia kwa ukavu na ndani ni pamba tupu. Binti yangu akapaka siagi, akala, akafumba macho.

"Mama, wameweza! Sasa bado wali tu."

Nikahisi meza inasogea mbali.

"Mama, ulisema chakula kimoja," alisema mke mwenzangu.

"Nyamaza, wewe."

"Na moshi ukija tena tutokee wapi?" aliuliza mume wangu, kiazi kimejaa shavuni.

"Moshi gani?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ikabidi nieleze: ule mlipuko, vikombe vya fundi viatu, uso wa mwanawe kwenye nondo. Akaacha kutafuna. Akautazama mlango kwa muda mrefu, utadhani umewekwa leo.

"Sina mtu, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana nasema wali."

"Najua, mwanangu."

Akavuta mkoba, akatoa ufunguo, akauweka mezani katikati ya maganda. "Kesho nauchongesha mwingine, mmoja ukae kwa fundi viatu. Jumamosi nakupeleka stendi." Akajifuta pua kwa mkono wenye siagi.

Nikauchukua. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikavaa kandambili.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Kununua chumvi."

Mume wangu akalitazama kopo la chumvi lililojaa pomoni mbele yake. Dada yake akamkanyaga mguu chini ya meza.