Bata-Bukini Saba

Tope la bandari ya Pagham, pwani ya Uingereza, lilikuwa linang'aa kama mgongo wa kambare, na dada yangu Thelma ameng'ang'ania mkono wangu, anauliza tena kama wameshakuja.

Nikamwambia sioni kitu. Shakwe tu, na sululu mmoja anachokoa tope kwa ule mdomo wake mrefu.

"Umeizunguka dunia nzima kwa meli, Len, na bata-bukini humjui. Twende tukamuulize Clifford."

Ilikuwa Oktoba ya mwisho ya Thelma, naye alijua. Uvimbe wa kichwani ulikuwa umeshamla macho, amebaki na mwanga na vivuli. Wiki ile walikuwa wanamhamishia kwenye nyumba ya wagonjwa wasiopona, bara huko, kusikofika harufu ya chumvi. Alitaka kitu kimoja tu: awepo bata-bukini weusi wakirudi kutoka Siberia, kama alivyokuwepo kila mwaka tangu tukiwa watoto. Mimi nilikuwa narudi nikijisikia. Wao hawakukosa hata mara moja.

Tukaenda polepole ukingoni, upepo ukitupiga ubavuni. Clifford Tidbury alikuwa kwenye benchi lake, chupa ya chai kando, darubini kifuani. Watazamaji wote wa ndege pale walimwogopa kama mwalimu wa hesabu. Ukisema umemwona ndege fulani atakuhoji: miguu rangi gani, jua lilikuwa upande gani, una hakika hukuota? Mchungaji wetu aliwahi kudai kamwona tai mvuvi. Alihojiwa mpaka akakiri kwamba ni shakwe mchafu. Kwa watu wale, kusema umeona usichokiona ni aibu isiyofutika. Na Thelma alikuwa mkali vilevile.

"Clifford, wamekuja?"

Mzee akainua darubini. Nikatazama alikotazama. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, tope tupu. Akaipitisha darubini tope lote, toka upande huu mpaka ule.

"Wamekuja, bibie."

"Wangapi?"

"Saba."

"Wana watoto?"

"Wawili. Wana michirizi myeupe mabawani. Wa mwaka huu hao."

"Jua liko upande gani?"

"Mgongoni kwangu, Thelma. Siwezi kukosea."

Thelma akacheka, akampapasa bega, akasema basi, inatosha.

Karibu na gari akasimama kuvuta pumzi. Akasema yule mzee hajawahi kusema uongo wa ndege maisha yake yote, mpaka leo. Nikaanza kumwambia kwamba hata mimi niliwaona.

"Acha, Len. Macho yamekufa, masikio bado. Wale hawajui kunyamaza. Wangekuwepo, tungewasikia tangu hapa." Akafuta pua kwa kiganja. "Usimwambie kama najua. Ataona haya."

Bata-bukini walikuja kwa mamia baada ya mazishi ya Thelma, asubuhi ya ukungu, kelele zao zikitangulia, zikajaza bandari nzima mpaka hujui mwanzo wala mwisho. Clifford alikuwa kwenye benchi. Nikaketi kando yake. Darubini ilikuwa palepale kifuani, hakuigusa. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Nikamuuliza wangapi.

"Saba," akasema, bila kufumbua.