Mikono ya Mama Iko Diski ya Saba

Ijulikane kwa wote, walio macho na wanaosinzia, kwamba Kompyuta Kuu ya Ofisi ya Kumbukumbu, fahari ya taifa na hazina ya wananchi milioni nne, Jumanne saa tatu asubuhi ilijaa. Ilijaa pomoni, kama sanduku la bweni siku ya kufungua shule.

Diski zikijaa, kompyuta hulikata faili vipande na kuvichomeka popote penye upenyo. Wenye mafaili nao wakaanza kufika vipande vipande. Mlinzi alitaka tu kila kiungo kijiandikishe kitabuni, kisha akabandika tangazo: vichwa dirisha la kwanza, miguu isubiri nje.

Kichwa cha mama yake Mtunza Diski, mfanyakazi wa kuunganisha mafaili yaliyokatwa, kililetwa na jirani, ndani ya kikapu.

"Mwanangu, mjukuu amezaliwa jana na sijampakata. Analia, namtazama tu. Mikono yangu iko wapi?"

"Diski ya saba, mama."

"Na mimi?"

"Ya pili."

"Basi niunganishe. Si ndiyo kazi unayotutambia kila siku?"

Lakini huwezi kuunganisha faili bila uwanja mtupu wa kulitandaza. Mtunza Diski alitafuta hadi macho yakamwasha. Babu Tepu, mzee aliyezeeka na kanda za kompyuta mikononi, akakohoa.

"Uwanja upo, binti yangu. Umekaliwa na hotuba."

Ilikuwa hotuba ya Mkurugenzi kuhusu umuhimu wa kubana nafasi. Nakala arobaini, zimejinyoosha kama wagonjwa wodini, hakuna hata moja iliyokatwa.

Mtunza Diski akapanda ghorofani. Mkurugenzi alikuwa mzima kabisa, mpaka kivuli chake kilikuwa kimepigwa pasi.

"Hotuba haikatwi," alisema. "Ikikatwa inapoteza mtiririko."

"Na mama yangu je, mzee?"

"Mama yako ana mtiririko?"

Akashuka. Kwa kuwa wakubwa hawaguswi, akatafuta mdogo wa kuguswa, na hakukawia kumpata: mwanafunzi wa bweni, faili nene ajabu, lenye barua kumi na moja za wazazi kuomba ruhusa ya ugonjwa. Akamkatakata vipande ishirini na tatu, akavisukumia pembeni, na pale palipobaki wazi akamtandaza mama yake, kipande baada ya kipande, kwa mpangilio.

Mchana mikono ikaingia mapokezini, ikasaini kitabu cha mlinzi kwa mwandiko mzuri. Mama akaenda nyumbani mzima, akampakata mjukuu hadi mtoto akalala. Jumatano Mkurugenzi akaagiza nakala ya arobaini na moja.

Mwalimu wa zamu, aliyenikuta nikiandika haya kwa mguu wa kushoto chini ya dawati, ameuliza nimeyajuaje yote hayo. Nakiri. Mwanafunzi huyo ni mimi. Sikio langu la kulia bado liko mezani kwa Mtunza Diski, karibu na kikombe cha chai, na linasikia vizuri tu kila anapowasimulia wenzake kisa hiki tangu mwanzo. Na zile barua, mwalimu, nilizitunga mwenyewe zote kumi na moja. Sijawahi kuumwa hata jino, ingawa kwa sasa sijui meno yenyewe yako diski ya ngapi.